Ralph Samuelson, Kijana Aliyesimama Juu ya Maji

Askari aliyepata kushika zamu ya alfajiri ukingoni mwa Ziwa Kivu, iwe Rubavu au Karongi, anaujua utulivu wa maji saa ile. Wavuvi wanarudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, upepo haujaamka, na ziwa limelala kama mkeka uliotandikwa. Ndiyo saa inayotamaniwa na kila mtu anayependa mchezo wa kuteleza majini, ambamo mchezaji husimama juu ya ubao, kamba mkononi, akivutwa na motaboti iendayo kasi. Wengi wetu huutazama mchezo huo tukidhani kwamba ni anasa iliyobuniwa na wenye mahoteli. La hasha! Ulianzishwa na kijana wa miaka 18, kwa mbao alizozichemsha katika sufuria ya mama yake, naye hakupata faida yoyote ya maana.

Jina lake ni Ralph Samuelson. Alizaliwa tarehe 3 Julai 1903, akakulia katika mji mdogo uitwao Lake City, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Mji huo umekaa ukingoni mwa Ziwa Pepin, ambalo kwa kweli ni sehemu ya Mto Mississippi iliyopanuka, yenye urefu wa kilomita 35 hivi. Wakati wa baridi kali ziwa huganda, na wenyeji huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Wakati wa joto barafu huyeyuka na mashua hurudi kazini. Samuelson alijiuliza swali ambalo kwa wenzake lilikuwa la kuchekesha: ikiwa mtu huteleza juu ya theluji, kwa nini asiteleze juu ya maji?

Hapana budi tueleze kwamba kabla yake watu walikwisha kuvutwa majini juu ya ubao mmoja mpana. Lakini kamba ya ubao ule ilifungwa kwenye ubao wenyewe; mtu alikuwa kama mzigo tu juu ya mkokoteni. Samuelson alitaka kamba iwe mkononi mwa mtu na mbao ziwe miguuni mwake, ili yeye mwenyewe ajiongoze. Mabadiliko hayo yaonekana madogo kwa maneno, lakini ndiyo yaliyouzaa mchezo wote.

Alianza majaribio tarehe 28 Juni 1922, na mwendesha mashua alikuwa ndugu yake Ben. Kwanza alijifunga miguuni vipande vya pipa, akazama. Akachukua mbao za kutelezea thelujini, akazama tena. Sababu ilikuwa moja: zote zilikuwa nyembamba mno, na maji hayamchukui mtu isipokuwa amepata eneo la kutosha la kukanyagia. Ndipo aliponunua mbao mbili za msonobari, kila mmoja wenye urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9, yaani karibu mita mbili na nusu kwa sentimita 23. Alizitia ncha zake katika sufuria ya shaba ya mama yake, akazichemsha hadi zikalainika, akazipinda kwenda juu na kuzibana kwa jiliwa mpaka zikakauka na umbo lile. Alipigilia mikanda ya ngozi pawe pa kutia miguu. Kamba yake ilikuwa ya futi 100, kamba ya kawaida ya kuning'inizia madirisha, na mhunzi alimtengenezea pete ya chuma ya kushikia, ambayo aliizungushia mpira isimchubue viganja.

Vifaa vilikuwa tayari, lakini hata hivyo aliendelea kuanguka. Watu waliokuwa ufukoni walicheka, na si ajabu. Kijana anayebwagwa majini mara baada ya mara ni tamasha la bure. Kosa lake sasa halikuwa katika mbao bali katika mwili. Alikuwa akianza mbao zikiwa zimelala sawa na uso wa maji, na mara mashua ilipovuta, ncha zilichimba chini na yeye akarushwa mbele. Tarehe 2 Julai, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alijaribu njia nyingine. Aliegemea nyuma majini, akaziinua ncha za mbao juu, akangoja. Ben alivuta, na Ralph akasimama, akaenda.

Kila mtu anayefundishwa mchezo huu leo hufundishwa jambo lile lile alilolipata Samuelson siku ile. Mwanafunzi hukaa majini amevaa jaketi la kuokolea maisha, magoti yamekaribia kifua, mikono imenyooka kuyapita magoti, ncha za mbao zikichungulia juu ya maji. Motaboti inapoondoka, yeye hana kazi ya kuvuta. Hapo ndipo wanaume wenye nguvu, na nathubutu kusema hasa sisi tuliozoea mazoezi ya kambini, tunapoaibika: tunakunja viwiko na kuivuta kamba kana kwamba tunashindana na kikosi kingine, au tunasimama kabla ya wakati. Kamba hulegea, kisha hukaza ghafla, na tumekwisha kuanguka. Anayetulia akaiacha mashua imwinue kama mtu anyanyuliwavyo kitini, huyo husimama mapema kuliko mwenye misuli.

Samuelson hakutosheka na kusimama. Tarehe 8 Julai 1925 alijaribu kuruka, akitumia jukwaa la kupigia mbizi lililoinamishwa, upande mmoja majini na upande mwingine juu. Mara ya kwanza mbao zilinasa kwenye jukwaa na yeye akaanguka vibaya. Alitafuta mafuta ya nguruwe, akalipaka jukwaa lote, akarudi. Safari hii aliruka hewani na kutua salama, na hiyo inahesabiwa kuwa ruko la kwanza katika historia ya mchezo. Mwaka huo huo alivutwa na ndege ya majini iliyobaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa mwendo upatao maili 80 kwa saa, yaani karibu kilomita 130. Jambo hilo nalitaja kwa sababu ni la kweli, si kwa sababu nashauri liigwe.

Kwa miaka kadhaa alifanya maonyesho mjini kwao na katika majimbo ya Michigan na Florida. Watu walikuja kwa wingi, na huko Lake City hakujitajirisha kwa maonyesho hayo. Fedha zilizokusanywa zilikwenda katika manufaa ya mji. Wala hakwenda katika ofisi ya serikali kuandikisha uvumbuzi wake. Mtu mwingine, Fred Waller wa New York, aliandikisha mbao za namna hiyo na kupewa hati tarehe 27 Oktoba 1925, miaka mitatu baada ya Samuelson kusimama juu ya Ziwa Pepin. Waller alikuwa mvumbuzi hodari kwa haki yake, na hakuna ushahidi wa wizi. Lakini mwenye karatasi ndiye aliyejulikana.

Mwaka 1937 Samuelson aliumia mgongo katika ajali ya kazi ya ujenzi. Mchezo ukaishia hapo kwake. Alirudi Minnesota akawa mfugaji wa bata mzinga. Miaka ikapita, na wakati yeye akilisha ndege wake, mchezo ulikuwa ukienea duniani: chama cha Marekani kiliundwa mwaka 1939, shirikisho la kimataifa mwaka 1946, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1949 huko Juan-les-Pins, Ufaransa. Katika yote hayo jina lake halikutajwa.

Tawi lililokua kuliko yote ni lile la kupita kwa mchirizo kati ya maboya, liitwalo slalomu, ambalo huchezwa kwa ubao mmoja tu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Njia ya mashindano ina urefu wa mita 259, na motaboti hupita katikati bila kupinda. Maboya ni sita, matatu kila upande, na kila moja liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Mchezaji huyazunguka yote. Wanaume wakifika mwendo wa juu wa kilomita 58 kwa saa, njia yote humalizika kwa sekunde 16 hivi. Aliyefaulu haongezewi mwendo tena bali hupunguziwa kamba, kutoka mita 18.25 kushuka hatua kwa hatua, hadi kamba inakuwa fupi kuliko umbali wa kufikia boya. Hapo mchezaji hana budi kuulaza mwili wake wote nje, nusura auguse uso wa maji, ili ubao upite upande wa pili wa boya.

Anayejiburudisha tu hahitaji hayo yote. Aanze kwa mbao mbili. Akizoea, auache mmoja. Kujua mguu wa mbele, asimame wima na rafiki amsukume kidogo kutoka nyuma bila kumwarifu: mguu utakaotangulia kumzuia asianguke, mara nyingi ndio wa kutia mbele. Ubao uchaguliwe kwa uzito wa mtu na mwendo wa motaboti. Aliye mzito, au mwenye motaboti ya polepole, huhitaji ubao mpana na mrefu zaidi. Hapa kwetu kuna jambo moja la kuongeza. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu zake. Motaboti inayomwinua mtu mnene kwa urahisi kule Mombasa yaweza kuhangaika naye Rubavu. Mtu asijilaumu upesi. Abadili ubao kwanza.

Usalama hauna mjadala. Ndani ya motaboti wawe watu wawili, mmoja akiendesha na mmoja akimtazama mchezaji, maana dereva atazamaye nyuma atawagonga wavuvi. Kamba isizungushwe mkononi kamwe, wala mkono usipitishwe ndani ya kishikio. Ishara zijulikane kabla ya kuondoka: kidole gumba juu ni kuongeza mwendo, chini ni kupunguza, na mkono kupitishwa shingoni ni kuzima injini. Aliyeanguka ainue mkono kuonyesha kwamba ni mzima, na injini izimwe kabisa wakati wa kumpakia. Askari wa kikosi cha polisi cha majini wanajua pangaboi linavyoweza kumfanya mtu.

Samuelson alikumbukwa kwa bahati. Mwaka 1963 mwandishi mmoja wa gazeti la mji wa St. Paul alifika Lake City akaziona mbao za kale zimetundikwa ukutani katika nyumba ya kuogea ya ufukoni. Aliuliza ni za nani, akaelekezwa kwa mfugaji wa bata mzinga. Habari ilipochapishwa, uchunguzi ulianza, magazeti ya miaka ya ishirini yakafunuliwa, na mashahidi waliokuwa ufukoni siku zile wakahojiwa. Mwaka 1966 chama cha mchezo huo cha Marekani kilitangaza rasmi kwamba yeye ndiye mwanzilishi.

Mwaka 1972, mchezo ulipotimiza miaka hamsini, ulionyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, na huko Lake City wenyeji waliadhimisha siku ile ya Julai pamoja na mzee Samuelson. Alifariki kwa ugonjwa wa saratani mwezi Agosti 1977, akiwa na umri wa miaka 74.