Gary Kildall: mwalimu aliyezipa programu nyingi nyumba moja

Mafundi wanaotengeneza kompyuta katika miji yetu wanajua neno BIOS. Mashine ikikataa kuwaka vizuri, mara nyingi ndipo wanaanzia kuchunguza. Lakini ni wachache wanaojua kwamba neno hilo lilitoka kwa mwalimu mumoja wa Marekani, Gary Kildall.

Kildall alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tano 1942 kule Seattle. Jamaa yake ilikuwa na shule ya kufundisha mabaharia kuongoza meli, na yeye mwenyewe alifundisha humo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Washington. Alipata udaktari wake 1972. Wakati huo alikuwa tayari mwalimu katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California.

Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha serikali na makampuni makubwa. Intel ikatoa chipu ndogo, na Kildall akaona kwamba hiyo chipu inaweza kuwa kompyuta kamili ya kuweka juu ya meza. Kwa 1973 aliitengenezea Intel lugha ya PL/M, na 1974 akaandika CP/M, programu ya kuongoza mashine na disketi zake.

Shida ilikuwa kwamba kila kiwanda kilijenga mashine yake kwa namna yake. Programu ya mashine moja haikutembea kwenye ingine. Kildall akagawanya kazi: sehemu moja ndogo, BIOS, ndiyo inajua mambo ya mashine yenyewe, sehemu zingine zote zinabaki zilezile kila mahali. Kiwanda kikitaka CP/M, kinaandika BIOS yake tu. Yeye na bibi yake Dorothy wakafungua kampuni Pacific Grove, ikaja kuitwa Digital Research. Hapo watu wa kila aina wakaanza kuandika programu ndogo ndogo na kuziuza kwa wenye mashine tofauti.

Lakini nyumba moja yenye wapangaji wengi haikosi mambo. Mashine hizo zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 kwa wingi, chini ya picha moja ya telefone ya leo. Kila programu ilianza kukaa mahali pamoja, anwani ya 256, na hakuna mulinzi aliyetenganisha moja na ingine. Ni sawa meza moja ya soko: muuza samaki akiondoka, muuza unga anakuja palepale, na hakuna aliyepangusa.

Kutokana na hiyo, mambo yasiyotazamiwa yakatokea. Watumiaji waligundua kwamba wanaweza kutengeneza programu isiyo na kitu ndani, hata baiti moja. Wakiiita, CP/M ilisoma ile hewa tupu, kisha ikaruka kwenye anwani ya 256 kama kawaida. Kumbe programu iliyotangulia ilikuwa ingali pale, nayo ikaanza tena bila kusubiri disketi. Wengi waliipenda sana, juu disketi zilikuwa za polepole. Lakini programu ingine ilikuwa imekwisha kubadilisha hesabu zake za ndani; kuianza tena hivyo kulileta majibu ya ajabu. Na aliyesahau ni programu gani ilitumika mwisho, aliamusha ingine kabisa.

Kulikuwa pia DDT, chombo cha kutafutia makosa. Kilijisogeza juu kwenye kumbukumbu na kubadilisha alama inayoonyesha mwisho wa nafasi. Programu yenye adabu ilisoma ile alama na kuishia pale. Isiyosoma ilimukanyaga jirani, na mashine ikakwama.

Hata kubadilisha disketi kulikuwa na hatari. Mtu aliyekuwa anaandika barua, akaona disketi imejaa, akaweka ingine bila kuijulisha CP/M, alikataliwa kuandika juu yake. Sistemu ilikuwa inalinda disketi isiharibike, lakini akibonyeza kitufe ili aendelee, barua isiyohifadhiwa ilipotea.

Yote hayo yalitoka katika chaguo moja. Kildall aliacha nafasi wazi ili programu ndogo ziweze kuishi ndani ya mashine ndogo na ya bei nafuu. Ulinzi ungekula kumbukumbu ambayo haikuwapo. Kwa hiyo amani ya nyumba ilitegemea adabu ya kila muandishi.

Mwaka wa 1980 IBM ilitafuta sistemu ya kompyuta yake mpya, lakini haikuelewana na Digital Research. Microsoft ikatumia kazi ya Tim Paterson, iliyofuata namna ya CP/M kuitikia programu. IBM ilipokuja kuuza zote mbili, CP/M-86 ilikuwa dola 240, DOS dola 40. Wanunuzi walichagua haraka.

Lakini DOS ilirithi hata tabia za ile nyumba. Programu zake za aina ya COM zilianzia palepale kwenye 256, na zile ndogo zilizobaki zimejificha kwenye kumbukumbu, kama SideKick ya 1984, ziligombania kibodi na wenzake. Wakati mwingine ilibidi kujua ni ipi iwashwe kwanza na ipi mwisho.

Digital Research iliuzwa kwa Novell 1991. Kildall aliumia kichwa huko Monterey, akafariki tarehe 11 mwezi wa saba 1994, akiwa na miaka 52. Miaka 20 baadaye, chama cha wainjinia cha IEEE kiliweka kibao cha kumbukumbu mbele ya nyumba ya Pacific Grove ambamo kampuni ilifanyia kazi. Na neno lake BIOS, mafundi wangali wanalitamka kila siku.