Makamu wa Rais Aliyechagua Karatasi

Makomredi, wengi wetu tumepita pale mara mia na hatujawahi kuingia. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, ubavuni mwa Nyayo House, kuna jengo fupi la mawe ambalo matatu hulipita bila abiria kugeuza shingo. Siku hizi linaitwa Nairobi Gallery. Lilijengwa 1913, likawa afisi ya Mkuu wa Mkoa, yaani PC kama wazee wanavyosema bado. Humo ndimo serikali ya mkoloni ilikuwa ikiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Hapo nje pia ndipo umbali wa kutoka Nairobi kwenda kwingine ulianzia kupimwa. Ukitaka kujua serikali ni kitu gani hasa, ukiondoa bendera na ving'ora, ni hiyo: mtu yuko nyuma ya meza, ana daftari, na wewe umesimama mbele yake unangoja akuandike.

Sasa vyumba vya wale makarani vimejaa mali ya mtu mmoja na mkewe, Joseph na Sheila Murumbi. Vinyago, vitambaa, mapambo ya shingoni, fanicha, vitabu. Nilienda nikitarajia makumbusho ya siasa ya kawaida, picha za viongozi wakipeana mikono, nikakuta nyumba ya mtu. Nilizunguka vyumba vyote, nikarudi ukumbi wa katikati wenye kuba, nikaketi. Nilikuwa najua Murumbi ni jibu la swali la chemshabongo: nani alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya? Basi. Hapo ndipo elimu yangu ya miaka kumi na mitano ilikuwa imeishia.

Alizaliwa Juni 1911 huko Eldama Ravine. Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa, na mamake alikuwa Mmaasai. Alipelekwa India akiwa mtoto mdogo, akasomea huko, akarejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, kijana ambaye nchi yake mwenyewe haikujua imweke kwenye daftari gani. Na hilo la daftari halikuwa mchezo. Kenya ya wakati ule ilikuwa na ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara, shule, hospitali hata choo vilifuata ngazi hizo. Kijana anayeitwa Zuzarte angeweza kujibanza kwenye ngazi ya katikati maisha yake yote na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akachukua jina la ukoo wa mama, akawa Murumbi. Mimi naona huu ndio uamuzi wake wa kwanza wa kisiasa, kabla hajajiunga na chama chochote.

Alifanya kazi ya ukarani. Vita vya pili vilipofika, akaenda Somalia na kutumikia utawala wa kijeshi wa Waingereza karibu miaka kumi. Aliporudi akajiunga na KAU, na hapo mambo yakaenda mbio. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na Murumbi akajikuta kaimu katibu mkuu wa chama ambacho viongozi wake wako kizuizini. Yeye na rafiki yake Pio Gama Pinto walihangaika kutafutia wale wa Kapenguria mawakili na kupeleka habari zao nje. Mwaka 1953 akaondoka nchini, akapitia India na Misri, akafika London, na akakaa uhamishoni miaka tisa. Huko alikuwa mmoja wa makatibu wa Movement for Colonial Freedom, harakati iliyoanzishwa 1954 kupinga ukoloni, na baadaye akafanya kazi katika ubalozi wa Morocco. Huko huko alimpata Sheila, mkutubi. Na huko huko ugonjwa wake ukaanza, ule wa kununua vitabu vya zamani kuhusu Afrika.

Watu husema Murumbi alikuwa mpenda sanaa, kana kwamba ni mambo ya starehe ya matajiri. Hebu tuangalie upande mwingine. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka Kenya, walichoma mafaili na mengine wakayabeba. Mwaka 2011 ndipo ikajulikana kupitia kesi ya wazee wa Mau Mau huko London kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza. Karatasi hizo zilisaidia kuibana serikali ya Uingereza hadi Juni 2013 ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Yaani mzee aliyepigwa kambini miaka ya 1950 alingoja nusu karne, na maandishi ya kuunga mkono maneno yake yalikuwa kabatini kwa mtu mwingine. Murumbi alishajua hilo mapema. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma Kenya iwe na hifadhi yake ya nyaraka, na sheria yake ikapitishwa 1965.

Lakini 1965 ni mwaka mbaya kwake. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 24 Februari, Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake hapa Nairobi, bintiye akiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata chama kikapasuka: mkutano wa Limuru ukamvua Oginga Odinga wadhifa wake chamani, Odinga akajiuzulu umakamu, na Mei 1966 Kenyatta akamteua Murumbi kushika nafasi hiyo. Fikiria mtu aliyekuwa katikati ya mapambano, anapewa kiti cha pili kwa ukubwa nchini, rafiki yake yuko kaburini na mwenzake kasukumwa nje.

Hakumaliza mwaka. Kabla ya 1966 kwisha alikuwa ameshaacha kazi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Wengi walioandika kumhusu wanaona kulikuwa na zaidi ya afya: kifo cha Pinto, na jinsi wakubwa walivyokuwa wakigawana ardhi na vyeo. Rafiki yangu niliyeenda naye alisema waziwazi kwamba huyu mzee alikimbia. Kama aliona uoza, kwa nini hakusimama Bungeni akautaja? Kwa nini aliondoka kimya na kwenda kuwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara? Ni swali la haki, na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Odinga alisema kwa sauti, akaishia kizuizini 1969. Murumbi alinyamaza, akabaki na nyumba Muthaiga.

Ila mimi nahesabu pia alichofanya na ule ukimya. Yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970, mahali ambapo kazi ya msanii wa Nigeria, Kongo au Turkana iliuzwa kama sanaa, si kama ukumbusho wa mtalii. Mwaka 1976 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na maelfu ya vitabu na nyaraka, kwa makubaliano kwamba pale patakuwa taasisi ya kusomea Afrika. Fikiria, Makamu wa Rais mstaafu anaiachia nchi maktaba. Taasisi haikuwahi kuwa. Nyumba ilivunjwa.

Miaka yake ya mwisho aliiishi kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Juni 1990, umri miaka 79, akazikwa City Park kwa sababu alitaka kulala karibu na Pinto. Hata huko, wanyakuzi wa ardhi waliimega bustani.

Nilipotoka nje nilijikuta nimesimama kivulini mwa Nyayo House. Wanafunzi na wahadhiri wa miaka ya 1980 waliteswa chini ya jengo lile, katika vyumba vya giza, wengine kwa sababu tu ya karatasi waliyokutwa nayo. Kutoka mlango wa Murumbi hadi pale ni hatua chache.

Sehemu kubwa ya vitabu vyake haiko Nairobi Gallery. Iko Kenya National Archives, lile jengo la zamani la Bank of India kwenye Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Ndiyo, hapo hapo tunapoambiana tukutane Archives, tunasimama ngazini na simu mkononi, mwenzetu akifika tunaondoka. Mkusanyiko wake uko ndani ya mlango huo. Juma lililopita niliingia, nikaomba kitabu kimoja, nikaletewa.