Max von Laue: Aliyeufanya mrututu ufichue siri yake

WAKAZI wengi wa Mchikichini na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanaufahamu mrututu, punje za buluu zenye sumu ambazo wakulima huzitumia kuzuia ukungu wa mimea. Pengine ni wachache wanaojua kwamba kipande cha mrututu ndicho kilichomwezesha binadamu kuona mpangilio wa atomu kwa mara ya kwanza.

Aliyebuni jaribio hilo ni Max von Laue, mwanafizikia wa Kijerumani aliyezaliwa Oktoba 9, 1879, Pfaffendorf, karibu na mji wa Koblenz. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1903 mjini Berlin, chini ya Max Planck, na mwaka 1909 akahamia Chuo Kikuu cha Munich.

Wakati huo eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilikuwa bado fumbo. Wataalamu walibishana iwapo ni mawimbi au ni chembe. Aidha, ilidhaniwa tu kuwa atomu ndani ya fuwele zimejipanga kwa safu. Hakuna aliyekuwa amethibitisha.

Mapema mwaka 1912, Laue aliwaza kuwa iwapo mambo yote mawili ni kweli, basi eksirei ikipita ndani ya fuwele itatawanyika kwa utaratibu maalumu. Baadhi ya wakubwa wake walitilia shaka, wakihofu kuwa mtikisiko wa atomu ungevuruga kila kitu.

Hata hivyo, Walter Friedrich na Paul Knipping walifanya jaribio hilo Aprili mwaka huo. Fuwele waliyoichagua ilikuwa ya mrututu. Bamba la picha lilipooshwa, lilionyesha madoa yaliyojipanga kuzunguka kitovu. Fumbo likafumbuka, na Laue akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1914.

Mpangilio kamili wa mrututu ulipatikana mwaka 1934 nchini Uingereza, kwa kazi ya Beevers na Lipson. Ilibainika kuwa kila atomu ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, huku oksijeni mbili za salfati zikiishika kutoka pande mbili zilizobaki. Molekuli ya tano ya maji haiigusi shaba. Inashikiliwa na vifungo vya haidrojeni baina ya salfati na maji mengine. Ndiyo maana mrututu ukichomwa hupoteza maji, na rangi ya buluu hugeuka kuwa nyeupe.

Sifa za Laue hazikuishia maabara. Utawala wa Hitler ulipoingia madarakani mwaka 1933 na kuwaandama wanasayansi wa Kiyahudi, wengi walinyamaza. Yeye alimtetea Albert Einstein hadharani katika mkutano wa wanafizikia mjini Würzburg, na mwishoni mwa mwaka huo akazuia Johannes Stark, mfuasi wa Hitler, asiingizwe katika Akademia ya Sayansi ya Prussia.

Medali yake ya Nobel aliihifadhi kwa Niels Bohr mjini Copenhagen, ingawa kutoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na jina lake lilikuwa limechorwa juu yake. Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Denmark Aprili 1940, mkemia George de Hevesy aliiyeyusha medali hiyo, pamoja na ya James Franck, katika mchanganyiko wa tindikali kali. Askari walipekua jengo bila kuitambua. Baada ya vita dhahabu ilirejeshwa Sweden, na medali zikatengenezwa upya.

Laue alibaki Ujerumani katika miaka yote ya vita, na baadaye alishiriki kuifufua sayansi ya nchi hiyo. Aprili 8, 1960, gari alilokuwa akiendesha mjini Berlin liligongana na pikipiki na kupinduka. Alifariki dunia Aprili 24, akiwa na umri wa miaka 80, na kuzikwa Göttingen. Njia aliyoianzisha kwa kipande cha mrututu ndiyo iliyotumika baadaye kufichua umbo la penisilini, insulini na DNA.