Carey Francis: Mwalimu Asiyehamahama

Barabara itokayo mpakani Busia kuelekea Kisumu hupita Maseno, karibu na mstari wa Ikweta. Sisi wa Sop Sop, upande wa Tororo, tunapopita hapo huitazama shule kongwe iliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1906, tukamkumbuka mtu aliyeiongoza kwa miaka kumi na miwili. Maisha yake yana funzo kwa wote wanaosimamia kandanda mashuleni.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa mizinga. Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akang'ara katika hisabati hata akawa mhadhiri huko. Mbele yake palikuwa na cheo, heshima na maisha ya raha. Yote hayo aliyaacha mwaka 1928, akaja Maseno kufundisha watoto wa Kiafrika.

Marehemu alikuwa mpenzi wa kandanda. Hakuwa mwalimu mkuu wa kukaa ofisini akingoja kuletewa matokeo, bali alivaa kaptula akaingia uwanjani pamoja na wanafunzi wake. Kwake yeye mchezo ulikuwa sehemu ya malezi, kama vile hesabu na sala. Kijana alitakiwa ajifunze kushinda bila majivuno, na kushindwa bila kutafuta visingizio.

Mwaka 1940 alihamishiwa Alliance High School, Kikuyu, akakaa hapo hadi 1962. Tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926, na mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves. Kwa muda wa miaka 36, basi, Alliance iliongozwa na watu wawili tu. Vijana walioingia humo walichujwa kwa mtihani kutoka pembe zote za Kenya. Mwenye mguu mwepesi alikaribishwa uwanjani, lakini mlango wa shule ulifunguliwa kwa kalamu. Kadhaa kati ya mawaziri wa kwanza wa Kenya huru walipita mikononi mwake.

Hatusemi kwamba hakuwa na dosari. Wako waliomlaumu kwa ukali wake, na kwa kuziona harakati za siasa kama mzazi amwonaye mtoto anayetaka kukimbia kabla ya kutembea. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, aliwapinga Mau Mau, lakini pia aliulalamikia utawala kwa ukatili wa askari wake. Mtu wa namna hiyo hupata wapinzani pande zote mbili.

Alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao Uingereza. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu maskini jijini Nairobi, akashika chaki tena kama mwalimu wa kawaida. Huko Nairobi ndiko alikofia mwaka 1966, akiwa bado mwalimu.

Kwa nini tunamkumbuka leo? Kwa sababu mashindano ya shule katika Afrika Mashariki yamekuwa na malalamiko mengi ya wachezaji wanaonyakuliwa kutoka shule hii hadi ile, na hata kuvushwa mpaka. Timu ikifungwa mechi mbili, mwalimu wake hufukuzwa. Ajaye huleta wachezaji wake, na waliokuwapo husahauliwa. Tulipokuwa wanafunzi, mwenzetu mmoja alichukuliwa na shule ya ng'ambo ya mpaka kwa ahadi ya karo ya bure. Mwalimu aliyemchukua aliondolewa kabla ya mwaka kwisha. Kijana akaumia goti, na karo ikakoma. Alirudi nyumbani bila cheti na bila mpira.

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba kikosi kinachobadilishiwa kamanda kila mwezi hakiwezi kujuana vitani. Timu ya shule ni vivyo hivyo. Mwalimu anayejua kuwa ataondoka kesho hana haja ya kumlea mtoto wa kidato cha kwanza, kwani humtafuta aliyekwisha komaa, hata kama ni wa kuibwa. Lakini anayejua kuwa atakuwapo miaka kumi hupanda mbegu, kwa sababu mavuno atayaona.

Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakuu wa shule, kamati za wazazi na viongozi wa michezo wa pande zote mbili za mpaka na wainame. Wamwache mwalimu wa timu akae, wamwajibishe kwa vyeti vya vijana wake na si kwa vikombe tu, na wasimchukue mtoto wa mtu kwa ajili ya miguu yake ikiwa hawako tayari kukilea na kichwa chake. Hivyo ndivyo Carey Francis alivyoishi Maseno, Kikuyu na Pumwani.