Daktari Matthew Lukwiya, Shujaa wa Lacor

Ni nani kati yetu hapa Kibera na Kawangware hajawahi kulalamikia kanuni za hospitali? Mimi nililalamika sana. Siku moja mdogo wangu alikatwa na bati kule Kawangware, tukamkimbiza zahanati. Muuguzi, badala ya kumshika mtoto papo hapo, alienda kwanza kuvaa glavu. Nilimwona hana utu kabisa! Nilianza kufikiri vingine niliposoma maisha ya Daktari Matthew Lukwiya wa Uganda.

Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 huko Kitgum. Mwaka 1983 alianza kazi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu. Mwaka 1989 waasi walikuja kuwateka watawa. Alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akakaa mikononi mwa waasi wiki nzima. Baadaye alisoma Liverpool, Uingereza. Angeweza kubaki huko, lakini alirudi kwao penye vita.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipoitwa Lacor. Watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alipekua vitabu usiku kucha, akashuku Ebola, na kumbe ndiyo. Alitenga wodi na kuweka kanuni kali: hakuna kumgusa mgonjwa bila glavu, barakoa, gauni na miwani ya kinga.

Usiku mmoja wa Novemba aliamshwa. Muuguzi wake aliyeambukizwa alikuwa amezidiwa, damu zikimtoka. Lukwiya alivaa mbiombio, akasahau miwani. Inaaminika aliambukizwa hapo. Mwezi huo huo wauguzi wengine walitaka kuacha kazi kwa hofu. Alikaa nao saa nyingi akiwasihi, wakarudi wodini.

Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Mkewe hakuweza kumshika kwa mkono mtupu, kwani kanuni zilikuwa zile zile alizoziweka yeye. Ugonjwa huo uliua watu 224 Uganda kabla ya kwisha mwaka 2001.

Mimi simlaumu. Ni nani angemwacha mwenzake akihangaika? Lakini sasa najua kwamba zile dakika mbili za kuvaa glavu nazo ni huruma, maana nyuma ya mdogo wangu kulikuwa na foleni ndefu iliyomhitaji muuguzi akiwa mzima. Nikimwona tena, nitamwamkia kwa heshima.