Jean Vigo: Sifuri ya Mwenendo

Jean Vigo alizaliwa Paris mwaka 1905. Baba yake, mwandishi wa magazeti aliyejiita Miguel Almereyda, alikorofishana na serikali. Agosti 1917 alikutwa amekufa katika selo ya gereza la Fresnes, shingoni kamba za viatu. Ilisemwa kwamba amejinyonga, na wengi hawakuamini. Mtoto alikuwa na miaka 12. Ili asiteseke kwa jina la baba, aliandikishwa kwa jina jingine katika shule ya bweni kusini mwa Ufaransa, huko Millau.

Aliyepita seminari ndogo anajua bweni: kengele, foleni, maharage jana na leo, taa kuzimwa. Vigo aliyatia yote hayo katika filamu ya mwaka 1933, Zéro de conduite, yaani sifuri ya mwenendo. Aliyepewa sifuri hiyo hakutoka Jumapili. Vijana wetu wa Buguruni waliozoea kibanda umiza na filamu zilizotafsiriwa na DJ wataiona ngeni, nyeusi na nyeupe, wala haifiki saa moja.

Wengi hukumbuka usiku ule mito inapochanwa, manyoya yanajaa bweni, na wavulana wanatembea polepole kwa maandamano yanayoyafanyia mzaha ya Kanisa. Hilo halifichiki. Lakini mimi naona uasi unaanza kabla ya hapo, darasani, mwalimu anapomshikashika mkono Tabard, mvulana mpole kuliko wote. Tabard anamtolea tusi. Wakubwa wanamtaka aombe radhi mbele ya wote, na hakuna anayeuliza mwalimu alifanya nini. Anakataa, analirudia tusi mbele ya mkuu wa shule mwenyewe. Walezi wa seminari, tazameni sehemu hiyo hata kama mengine mtayaruka.

Yuko mlezi mmoja mwema, Huguet, anayemwigiza Charlie Chaplin uwanjani. Siku ya sherehe wavulana wanapanda juu ya paa na kuwatupia wageni rasmi kila kilichoko.

Serikali iliipiga marufuku filamu hiyo, ikaonyeshwa hadharani Ufaransa baada tu ya Vita Kuu ya Pili. Vigo hakufika huko. Kifua kikuu kilimuua tarehe 5 Oktoba 1934, akiwa na miaka 29. Aliacha mke, binti wa miaka mitatu, na filamu nne ambazo kwa pamoja hazifiki saa tatu.