John Akii-Bua na Rekodi Isiyofikiwa

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nami bila kusita nimemchagua John Akii-Bua. Sababu yangu ni hii. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza uwanjani, hapa Bwera, kama yupo Mganda wa leo awezaye kuifikia rekodi ya mtu huyo. Sikuwa na jibu tayari, nikamwambia angojee gazeti la shule.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40, kwa hiyo kijana hakukosa watu wa kushindana nao tangu utotoni. Hakusoma sana. Baba alipofariki aliacha shule, akafanya kazi ndogo ndogo, kisha akaingia Polisi mjini Kampala. Huko ndiko alikofunzwa kuruka viunzi, kwanza na polisi mwenzake Jorem Ochana, aliyekuwa hodari sana wa mbio hizo katika Afrika, na baadaye na Mwingereza Malcolm Arnold, aliyekuja Uganda mwaka 1968 kuwafundisha wanariadha wa taifa.

Kwa wale ambao hawajaziona mbio hizi, mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, yaani mita 400, akiruka viunzi 10. Kila kiunzi kina kimo cha sentimita 91, na kati ya kimoja na kingine ni mita 35. Ni lazima ahesabu hatua zake. Akikifikia kiunzi kwa mguu asiouzoea, hupunguza mwendo, na hapo wenzake humwacha. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wo wote, wa kushoto au wa kulia, na hiyo ilikuwa silaha kubwa. Tena alikuwa akifanya mazoezi huku amebeba uzito mwilini, ili siku ya mashindano ajione mwepesi.

Mwaka 1970 alikuwa wa nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Miaka miwili baadaye alikwenda München, Ujerumani, kwa Michezo ya Olimpiki. Siku ya fainali, tarehe 2 Septemba 1972, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na warukaji hawaipendi. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Mwingereza David Hemery, bingwa wa mwaka 1968, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata bila haraka, na walipotoka kona ya mwisho alikuwa amekwisha kumpita. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Hapakuwa na mtu duniani aliyepata kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Akii-Bua hakwenda kuketi; aliendelea kuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha, hata viunzi vilivyobaki akaviruka tena, kana kwamba mbio hazijamtosha. Hiyo ilikuwa nishani ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki, na ya pili haikuja mpaka mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Serikali ya Idi Amin ilimsifu na kumzawadia, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini siku hizo hizo Walango wengi walikuwa wakiuawa, naye alikuwa Mlango. Mwaka 1973 alishinda tena katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Mwaka 1976 dunia ilitazamia kumwona Montreal akishindana na Mmarekani kijana, Edwin Moses. Mataifa ya Afrika, Uganda ikiwamo, yakajitoa kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini. Moses alishinda, na rekodi ya dunia ikawa yake. Sisemi kwamba Akii-Bua angalimshinda. Nasema tu kwamba hakupata kuanza.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya na jamaa yake, akawa mkimbizi kambini. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani na kumpa kazi. Alikimbia Moscow mwaka 1980, lakini hakufika fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akawafundisha vijana, na alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47.

Sasa nirudi kwenye swali. Ulimwenguni rekodi ile ilipitwa zamani. Mwaka 2021 Karsten Warholm wa Norway alikimbia kwa sekunde 45.94, akiwa na viatu na uwanja ambao Akii-Bua hakuwahi kuviota. Lakini hakuna Mganda mwingine aliyepata kufika 47.82. Je, miguu yetu imekuwa mizito?

Kule Marekani watu hubishana hivyo hivyo juu ya mchezo wa besiboli, ambao siku hizi vijana wa Uganda nao huucheza. Mrushaji mpira mmoja, Cy Young, tangu mwaka 1890 hata 1911 alihesabiwa ushindi mara 511. Leo kufika 300 tu ni shida, na wa mwisho kufika alikuwa Randy Johnson mwaka 2009. Warushaji wa leo si dhaifu, hurusha kwa kasi kuliko wazee wao. Lakini mrushaji wa zamani alianza michezo 40 au zaidi kwa mwaka, tena aliimaliza mwenyewe. Wa leo huanza kama 30, na mara nyingi hutolewa kabla haijaisha. Ushindi atautoa wapi?

Rekodi ya Akii-Bua ni ya siku moja, si ya jumla ya miaka, lakini naona ugonjwa ni mmoja. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliruka viunzi. Tulikuwa na vitano, vya miti ya mkalitusi, na wenzangu walikuwa wakivibeba mbio kuvipeleka mbele nilipokwisha kuviruka. Mwaka wangu wa mwisho nilichaguliwa kwenda kushindana Kasese. Tulifika asubuhi, nguo zimejaa vumbi la njiani, tukaambiwa viunzi havikuletwa na mbio zile zimefutwa. Nikatiwa katika kuruka juu, ambako nilikuwa wa mwisho. Mpaka leo sijui ningalikimbia kwa sekunde ngapi.

Yule wa kidato cha pili ana miaka 15. Jumamosi iliyopita tulipima mita 35 kwa kamba ya katani, tukasimamisha viunzi sita, akazunguka kwa sekunde 66 kwa saa yangu ya mkononi. Vimebaki vinne, na seremala ameahidi kuvileta baada ya siku ya soko la Mpondwe.